Majestic ya Zanzibar: Jumba la sinema lililoachwa linafufuliwaje, na linatufundisha nini sisi wa Chala

Katika mtaa wa Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna jumba kubwa la sinema ambalo siku zake za kujaa watu kila usiku zilikwisha zamani. Linaitwa Majestic. Sehemu ya paa lake imeanguka na mvua inaingia ndani. Wapo wanaotaka lirudi kufanya kazi, na kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakitafuta njia.

Makala haya yanaeleza jumba hilo lilikuwa nini kwa mtaa wake, kwa nini majumba kama hayo yalikufa Tanzania nzima, na kazi ya kulifufua inahusu nini hasa. Tutaangalia pia miji mingine iliyojaribu jambo kama hilo, waliofaulu na walioshindwa. Mwisho tutarudi nyumbani Ufipa. Hatuna Majestic Chala, lakini tuna maghala yaliyofungwa, kumbi zilizovunjika madirisha na majengo ya zamani ambayo kila mtu huyapita akisema "zamani hapa palikuwa na watu".

Kwa ufupi

- Majestic ilifunguliwa mwaka 1955, mahali palipokuwa na sinema ya kwanza iliyoitwa Royal, ambayo iliungua.
- Sinema za Tanzania ziliangushwa na mambo mengi kwa pamoja: uhaba wa fedha za kigeni, kutaifishwa kwa biashara na majengo, video na baadaye televisheni.
- Paa na kuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni matumizi ya kila siku na mtu wa kulipa gharama za kila mwezi.
- Swali hilohilo linahusu jengo lolote la umma lililoachwa, hata kijijini.

Majestic ni jumba gani?

Hadithi inaanza na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, mmoja wa watu wa kwanza kuleta biashara ya sinema katika Afrika Mashariki. Mwaka 1921 alifungua Royal, jumba lililojengwa maalumu kwa ajili ya sinema. Mchoro wake ulikuwa wa John Houston Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora pia majengo mengine yanayojulikana Zanzibar, kama Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani.

Mapema miaka ya 1950, Royal iliteketea kwa moto. Jumba jipya lilijengwa palepale na kufunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Majestic. Mchoraji wake alikuwa Dayalji Pitamber Sachania. Sura yake ni ya mtindo uliopendwa sana kwa sinema za wakati ule duniani: uso mpana, mistari iliyonyooka, kona za mviringo na jina kubwa juu linaloonekana kutoka mbali. Hata mtu asiyejua kusoma alijua akiliona kwamba hapa ni mahali pa starehe, siyo ofisi ya serikali.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria milango ya nakshi na majumba ya masultani. Lakini sinema nayo ni sehemu ya historia ya mji huo, na pengine ndilo jengo ambalo watu wa kawaida waliingia kwa wingi zaidi.

Sinema ilikuwa nini kwa mtaa?

Kijana wa leo mwenye simu anaweza kujiuliza: kuangalia filamu tu, kwa nini watu wazima bado wanaizungumzia?

Mwanahistoria wa Kimarekani, Laura Fair, alitumia miaka mingi kuwahoji watu wa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine kuhusu jambo hilo, na mwaka 2018 alitoa kitabu kizima juu yake. Kinachojitokeza ni kwamba filamu ilikuwa sehemu moja tu ya safari. Watu walivaa vizuri. Walikutana na ndugu na marafiki wa mitaa mingine. Nje palikuwa na wauza karanga na kahawa, na filamu ikiwa kubwa, walanguzi wa tiketi nao walipata riziki yao. Filamu ikiisha, mazungumzo yaliendelea barabarani hadi nyumbani.

Filamu za Kihindi zilipendwa mno. Awaara, ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ni mojawapo ya zile ambazo wazee wa mijini bado wanazitaja. Wengi hawakujua Kihindi, lakini walielewa hadithi: mtoto aliyekataliwa na baba, mapenzi yaliyozuiwa na tofauti ya mali, kijana maskini anayejaribu kuishi kwa heshima. Ni mambo ambayo hata Ufipa hayahitaji mkalimani.

Nakala za filamu zilikuwa chache na ghali. Filamu moja ilikuwa katika mikanda kadhaa, kila mkanda dakika chache. Basi sinema mbili ziliweza kuonyesha filamu moja usiku mmoja kwa kupishana: mkanda wa kwanza ukiisha huku, kijana anaubeba kwa baiskeli mbio hadi kule. Baiskeli ikipata pancha, ukumbi mzima unakaa unasubiri.

Jambo la muhimu kuliko yote ni wanawake. Katika mji ambao mwanamke wa heshima hakutembea ovyo usiku, sinema ilikuwa mahali ambapo jamii ilikubali aende. Yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, na siku ambazo familia nzima ilikwenda pamoja. Sinema zilipofungwa, wanaume walibaki na vijiwe vya kahawa na baraza zao. Wanawake walipoteza mahali pa kukutania ambapo hapakurudishwa.

Sisi wa vijijini tuliijuaje sinema?

Kwa watu wengi wa vijijini Tanzania, sinema ya kwanza haikuwa na kuta. Ilikuja kwa gari.

Mwaka 1935 hadi 1937, wakati wa ukoloni wa Kiingereza, kulikuwa na mradi wa majaribio wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu za kufundisha mambo kama kuweka akiba, kilimo bora na kujikinga na magonjwa, kisha lori lilizunguka nazo, likifika hadi nje ya Tanganyika. Baadaye, hata baada ya uhuru, magari ya sinema ya serikali yaliendelea na kazi ya namna hiyo: shuka jeupe linafungwa uwanjani, jenereta inawashwa, na kijiji kizima kinakaa chini.

Kisha ilikuja video, na baada ya video ikaja kibanda umiza. Hiki kila mtu anakijua: banda la mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, kiingilio kidogo. Mpira mchana na usiku, na katikati filamu za kupigana zenye mtafsiri anayezungumza juu ya sauti ya waigizaji. Kibanda umiza kimefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuifanya huku kwetu, na hakistahili dharau.

Lakini tuangalie nani anaingia. Kwa kawaida ni vijana wa kiume na wanaume. Mama mwenye watoto haingii, binti hatumwi huko, na mzee anaona si mahali pake. Kwa hiyo swali la "mahali pa wote pa kukutana jioni" si la Zanzibar peke yake.

Kwa nini majumba ya sinema yalikufa?

Watu wengi hujibu haraka: televisheni iliyaua. Jibu hilo ni kweli kwa sehemu tu, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na wakati huo sinema nyingi zilikuwa zimekwisha kudhoofika.

Sababu zilipangana moja juu ya nyingine.

Kwanza, umiliki. Zanzibar ilipata Mapinduzi Januari 1964, na mali nyingi zikabadilisha mikono. Bara, mwaka 1971, ilitungwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba nyingi za kupangisha zikaingia mikononi mwa serikali chini ya Msajili wa Majumba. Baadhi ya majumba ya sinema yalikumbwa. Mpangaji hatengenezi paa la nyumba isiyo yake, na msajili mwenye maelfu ya nyumba hawezi kufika kila penye tundu.

Pili, biashara ya filamu yenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilipewa kazi ya kuingiza na kusambaza filamu. Wenye sinema hawakuchagua tena wenyewe nini kiletwe.

Tatu, hali ya uchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Sasa fikiria mwenye sinema anayetaka balbu ya projekta kutoka Ulaya. Filamu mpya zikapungua, za zamani zikarudiwa hadi mikanda ikachakaa, viti vikavunjika bila kutengenezwa.

Nne, kanda za video. Mtu mwenye deki aliweza kuangalia nyumbani filamu ambayo sinema haikuipata. Wenye uwezo waliondoka kwanza, na mapato yakaondoka nao.

Matokeo yake tunayaona mijini. Sinema nyingine zimekuwa maduka, nyingine ghala, nyingine nyumba za ibada. Uwanja wa sinema ya magari wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1966 Msasani, ambako familia ziliangalia filamu zikiwa ndani ya magari yao, leo ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani.

Kwa nini kulifufua, kwa nini lisibomolewe tu?

Hili ni swali la haki. Nchi yenye madarasa yasiyotosha na zahanati zisizo na dawa haiwezi kutengeneza kila jengo la zamani. Wanaotetea majengo kama Majestic hutoa sababu tatu.

Ya kwanza ni mtaa. Jumba moja kubwa likifungwa, giza linaingia kuanzia saa moja jioni. Mwenye mgahawa wa jirani anafunga mapema, muuza karanga anahama, na pasipo watu ndipo wahuni wanapokaa. Jumba likifunguliwa, mambo hayo hugeuka kinyume. Watu mia mbili wakitoka ukumbini usiku, wapo watakaonunua chai, watakaopanda bodaboda, watakaohitaji kuchaji simu.

Ya pili ni kazi. Ukarabati unahitaji mafundi wa chokaa, mbao, chuma na umeme. Zanzibar vijana hufundishwa ufundi wa zamani katika kazi hizo, na ufundi huo wanaondoka nao mikononi kwenda kwenye nyumba nyingine.

Ya tatu ni usalama. Jengo lililoachwa halikai lilivyo. Zanzibar inalijua jambo hili kwa uchungu: tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba maarufu lililojengwa mwaka 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Kusubiri nako kuna gharama, na wakati mwingine gharama hiyo ni roho za watu.

Kwa upande wa Majestic, asasi isiyo ya kiserikali iitwayo Hifadhi Zanzibar imekuwa ikipigania lirudi kuwa sinema na kituo cha utamaduni. Zanzibar ina sababu ya kuhitaji jumba la namna hiyo. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwapo tangu miaka ya 1990, na tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Kisiwa kinachoalika dunia kuja kuangalia filamu kinalazimika kuzionyesha zaidi katika ngome ya zamani na viwanja vya wazi.

Kazi inaanzia wapi?

Wengi hufikiria ukarabati ni kupaka rangi. Rangi huja mwisho kabisa. Mpangilio wa kawaida wa kazi ni huu.

1. Hati. Jengo ni la nani? Serikali, halmashauri, chama, kanisa, familia? Bila mkataba wa miaka mingi hakuna mfadhili mwenye akili atakayetoa fedha, kwa sababu mwenye jengo anaweza kuwatoa siku lilipopendeza.

2. Ukaguzi. Mhandisi anaangalia nini kinabeba nini. Katika majengo ya zege ya karne iliyopita, adui ni nondo zilizopata kutu ndani. Kutu huvimba na kupasua zege. Kisiwani, hewa ya chumvi huongeza kasi.

3. Paa na maji. Maji yakizuiwa kuingia, jengo linaweza kusubiri miaka mingine. Yakiachwa, kila shilingi iliyotumika ndani itaoza. Mifereji na njia ya maji kuzunguka msingi ni sehemu ya paa.

4. Kuta. Hapa makosa ni mengi. Kuta za zamani za mawe na chokaa, au za matofali na udongo, hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukizipiga plasta nzito ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza polepole nyuma ya plasta inayong'aa. Fundi mzuri hutumia tena chokaa au udongo ulio sawa na wa mwanzo.

5. Umeme, milango ya dharura, vyoo. Royal iliungua. Ukumbi wa mamia ya watu wenye mlango mmoja ni hatari, hata ungekuwa mzuri namna gani.

6. Vifaa. Habari njema ni kwamba sinema ya leo haihitaji mikanda. Projekta ya kidijitali, kompyuta, spika nzuri na pazia jeupe vinatosha kwa ukumbi mdogo.

7. Rangi, viti na jina juu ya mlango.

Ukiona mradi unaanza na namba 7, shaka.

Wengine walifanyaje?

Majumba yaliyofungwa yapo duniani kote. Mifano minne inasaidia kuona tofauti kati ya kufaulu na kushindwa.

Nairobi, Kenya. Katika eneo la Ngara kulikuwa na sinema iitwayo Shan, iliyojulikana kwa filamu za Kihindi. Ilipokwisha biashara, ilinunuliwa na asasi ya Sarakasi Trust na kuitwa Sarakasi Dome. Haikurudi kuwa sinema. Ilikuwa mahali pa vijana kujifunza sarakasi na ngoma, na ukumbi wa matamasha. Walichofanya ni kuuliza: leo mtaa huu una watu gani, na wanahitaji nini?

Tangier, Morocco. Sinema Rif, jengo la miaka ya 1930 kwenye uwanja mkubwa wa mji, ilikarabatiwa katika miaka ya 2000 na kundi la wasanii akiwemo mpiga picha Yto Barrada. Mbele waliweka mgahawa. Mtu anaweza kukaa na chai yake bila kununua tiketi ya filamu. Mgahawa unaleta watu mchana, filamu zinaleta watu usiku, na jengo halilali.

Cleveland, Marekani. Huko palikuwa na majumba matano ya maonyesho yaliyojengwa karibu karibu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu yote yalikuwa yamefungwa, na mpango wa kuyabomoa kwa ajili ya maegesho ya magari ulikuwa mezani. Mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya shule za mji, Ray Shepardson, alianza kuyatetea. Hakuwa na fedha za kutengeneza ukumbi mzima. Mwaka 1973 waliweka mchezo mdogo wa muziki katika ukumbi wa kuingilia tu wa jumba moja, wakitegemea wiki chache. Ulidumu zaidi ya miaka miwili. Watu walirudi mtaani, na fedha za kutengeneza mengine zikafuata. Leo eneo hilo, Playhouse Square, ni kati ya makubwa ya maonyesho Marekani, na asasi inayoliendesha inamiliki pia majengo ya jirani. Kodi za pango zinasaidia kulipa gharama za kumbi.

Jenin, Palestina. Huu ndio mfano wa kuumiza. Sinema ya mji huo ilifungwa mwaka 1987. Mwaka 2010, baada ya kazi kubwa ya watu wa kujitolea na wafadhili kutoka Ujerumani na kwingineko, ilifunguliwa tena kwa shangwe. Magazeti ya dunia yaliandika. Lakini mji ulikuwa maskini, mapato ya tiketi hayakutosha, na jengo lilikuwa mali ya watu binafsi. Mwishoni mwa mwaka 2016 liliuzwa na kubomolewa kupisha biashara. Jengo halikuanguka kwa ubovu. Lilikuwa zima, limepakwa rangi, lina projekta.

Ukizitazama hizi nne, jambo moja linajirudia. Fedha za kufungua jengo, ingawa ni nyingi, hupatikana mara moja. Kila mfadhili anapenda siku ya kukata utepe. Kinachoua ni bili ya umeme ya mwezi wa tisa baada ya utepe. Waliofaulu walikuwa na jibu la bili hiyo kabla hawajaanza.

Nani anafaidika mtaa ukifufuka?

Kuna hatari ya upande wa pili: mtaa kufufuka kupita kiasi. Jumba likipendeza, nyumba za jirani hupanda bei. Mwenye nyumba anamwondoa mpangaji wa zamani na kuleta hoteli. Mji Mkongwe wenyewe unaijua hali hiyo, kwa kuwa nyumba nyingi za familia zimegeuka kuwa malazi ya watalii. Sinema ikirudi kwa kiingilio ambacho mwalimu au muuza samaki hawezi kulipa, mtaa umepata mapambo lakini watu wake wako nje wanachungulia.

Kwa hiyo mpango mzuri husema wazi tangu mwanzo: siku gani kiingilio ni nafuu, siku gani ni ya wanafunzi, siku gani ni ya akina mama, na nani wa mtaani yumo kwenye kamati inayoamua.

Hapa kwetu tujiulize nini?

Chala ipo kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere. Magari yanasimama, watu wanashuka, mahindi na maharage yanapakiwa. Katika vijiji vyetu vya Nkasi na Ufipa nzima kuna majengo yaliyojengwa wakati wa misheni, wakati wa ushirika na wakati wa vijiji vya ujamaa. Mengine yanatumika vizuri. Mengine ni popo na mchwa tu.

Kabla kijiji hakijachangishana mabati, maswali haya sita yapate majibu.

Moja: ni la nani? Ghala la ushirika ni mali ya chama, na mambo yake yanapitia kwa wanachama na ofisa ushirika wa wilaya. Jengo la parokia ni la kanisa. Jengo la kijiji liko chini ya halmashauri ya kijiji, na uamuzi mkubwa ni vizuri upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari. Ikiwa ni mabaki ya kale kabisa, kama matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kufua chuma, hayo yana sheria yake: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa ulinzi, na si ruhusa kuyagusa bila idara husika.

Mbili: paa likoje? Kama fedha zilizopo zinatosha kitu kimoja tu, ziende kwenye paa na mifereji.

Tatu: nani atafungua mlango siku ya Jumanne? Harusi Jumamosi si matumizi ya kutosha. Je, kuna darasa la watu wazima, kikundi cha kuweka na kukopa, mazoezi ya kwaya, kliniki ya kupima watoto, maonyesho ya filamu na mpira jioni?

Nne: hesabu ya mwezi ikoje? Chukua mfano. Tuseme mlinzi, umeme na usafi vinahitaji shilingi 300,000 kwa mwezi. Ukumbi unakodishwa mara moja kwa shilingi 100,000. Zimebaki 200,000. Zitatoka wapi? Vyumba viwili vya mbele vikipangishwa kwa fundi cherehani na mwenye duka la pembejeo, kila mmoja shilingi 60,000, pengo linashuka hadi 80,000. Hapo sasa kuna kitu cha kujadili. Bila hesabu hiyo kuna ndoto tu.

Tano: nani haji, na kwa nini? Kama choo ni kimoja na njia haina taa, wanawake hawatakuja usiku, hata kiingilio kiwe bure.

Sita: tunaweza kuanza na kidogo? Wale wa Cleveland walianza na ukumbi wa kuingilia. Chumba kimoja chenye paa zima, projekta ndogo na shuka jeupe, jioni moja kila wiki kwa miezi mitatu, kitawaonyesha kama watu watakuja. Wakija, mtakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mfadhili au halmashauri. Wasipokuja, mmepoteza kidogo.

Majestic imefikia wapi?

Uso wa Majestic bado umesimama Vuga, na nia ya kulirudisha ipo. Wanaolipigania wana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia mvua isimalize kilichobaki, na kujenga mpango utakaolifanya jumba lijilishe likishafunguliwa. Kazi ya kwanza inaonekana kwa macho, na ya pili imo kwenye daftari.

Ukipita karibu na jengo la zamani kijijini kwako wiki hii, lipige picha kwa simu yako, ndani na nje, hasa paa. Muulize mzee mmoja lilijengwa lini, na nani alilitumia. Andika majibu. Mkutano wa kijiji ujao ukifika kwenye mengineyo, utakuwa na la kusema.